Kila Tundu na Kable Yake

Nyinyi vijana, muniache kwanza nikae. Magoti yangu imepanda paa za Goma kuliko mvua, na sasa inalia kama mulango ya kontena. Kazi nimeacha. Nimeambia watu nimeacha, nimeambia muke yangu, nimeambia hata mbwa ya jirani. Lakini kila asubuhi mutu anatokea na kisanduku mu sashe ya plastiki, anakiweka mbele ya chai yangu, anasema: "Papa Kable, haishike."

Haishike nini?

"Connexion."

Kisanduku njo hiki, pembeni ya mandazi. Hakina kurant ya umeme, hakina kable, hakina kitu. Itashika na nini, na sukari?

Sasa nitasema hii maneno mara moja. Mwenye kuandika aandike, mwenye kusikia asikie, kisha muniache ninywe chai ikiwa bado moto.

Mimi shule niliiona kutoka ku paa yake, siku nilikuwa naweka antene. Kusoma, nilisoma taa: ya kijani, ya njano, nyekundu. Basi. Na kwa hiyo kusoma kidogo, nimeingia mu nyumba nyingi za huu muji, mpaka kuko watoto wenye walinijua mimi mbele ya kujua baba yao.

Connexion haikai mu routeur, hiki kisanduku. Mushike hii hata kama mutasahau majina yenu. Connexion inatoka inje, kule ku pilone, ule munara wa chuma. Antene ya ku paa inaishika. Inashuka na kable mpaka mu nyumba. Kuko nyumba zenye inapita kwanza mu modem, na modem ni mukalimani tu: inageuza luga ya inje mu luga ya nyumba. Siku hizi wanafunga modem na routeur mu sanduku moja, njo maana watu wanachanganya. Kisha kuko routeur yenyewe. Routeur ni mama mwenye kushika mwiko. Anajua sahani ya kila mutu, anajua nani amekula, nani bado, na hawezi kupatia baba chakula ya mutoto. Switch, kile kisanduku chenye tundu mingi, ni meza. Meza inaongeza nafasi za kukaa, haiongeze chakula. Mutu ananunua switch ya tundu vingt-quatre, ishirini na ine, anarudi kunilalamikia connexion haijaongezeka. Papa, umenunua meza.

Na wifi? Wifi ni sauti ya ule mama akiita watu kula. Sasa wewe umejenga nyumba na majiwe ya volcano, ukuta upana kama ngombe amelala, umemufungia mama mu chumba ya nyuma, halafu unashangaa ku salon, sebuleni, hawamusikie. Mu nyumba ya majiwe ya volcano hata radi inagonga hodi. Nyumba ya mbao, kinyume: sauti inapita, inavuka lupango, kiwanja yako yote, inavuka barabara, na avenue muzima inakula kwako bila kukupatia asante.

Wakati waasi waliingia mu muji, ile mara yenye tulikimbia na magodoro ku kichwa, familia moja ya kwetu ilibeba routeur mpaka Sake. Antene waliiacha ku paa, kable waliiacha ku ukuta. Walifika Sake, wakakaa mu darasa ya shule na watu wengine mia tatu, wakafunga routeur ku batri ya gari, taa ikawaka. Wakangojea. Siku mbili wanangojea. Baba ya nyumba alinipigia simu na hasira: "Papa Kable, taa inawaka, lakini haileti kitu. Uliniuzisha kitu ya bure." Mimi nilikuwa nimelala chini ya gari, masasi ya bunduki inapita juu kama nzige, na mutu ananidai connexion. Nilimuambia: "Papa, umebeba mwiko, sufuria imebaki Goma." Alinikatia simu. Mpaka leo tukipishana anaangalia upande ya ziwa.

Na hao hata ni watu wazuri. Kuko wamama wenye kufunika routeur na kile kitambaa cheupe cha kushona na mukono, na maua ya plastiki juu. Routeur inahema. Inatoa joto, inatafuta hewa, wewe umeifunika kama bibi-arusi. Na ile kashimo kadogo nyuma, yenye inaombaka sindano? Musiguse. Ukiingiza sindano pale, routeur inasahau yote: jina yake, neno la siri, kila kitu, inabaki kama mutu ameamuka mu nyumba ya watu. Lakini Goma, mutu akiona shimo na akiwa na sindano, Shetani anamusukuma.

Na vumbi ya volcano, nisiseme. Kisha ya ule mulipuko wa mwisho, nilifungua routeur moja, nikatoa vumbi nyeusi mpaka ikajaa bakuli. Tungepanda viazi mule, vingetoka vikubwa kuliko vya Kibumba.

Kazi nilifundishwa na Muzee Bahati, mutu ya Rutshuru, fundi wa zile phonie za zamani, redio za kuongea, mbele ya simu za mukononi. Yeye alikuwa mufupi, mukali, na alikuwa anatembea na kipande ya kable nene mu mukono. Ile kable haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya migongo yetu. Alinifundisha vitu viwili. Ya kwanza: kila kable, ku kila kichwa, ufunge kipande ya kitenge, na kitenge kama ile ile uibandike pembeni ya tundu yake. Kitenge ya samaki kwa tundu ya samaki, ya maua kwa tundu ya maua. Juu ya nini? Juu sisi hapa tunakimbia, sha, rafiki. Alikuwa anasema vile: "Sisi hapa tunakimbia, sha, na tunarudi. Siku ya kurudi hakuna mwenye kukumbuka." Mu miji mingine fundi anafunga kable mara moja, inabaki pale mpaka inazeeka. Goma mutu anakimbia volcano, anang'oa. Anakimbia waasi, anang'oa. Anarudi, anachomeka na kubahatisha. Ile kitenge ilituokolea siku nyingi.

Ya pili: "Usiulize mashini iko na nini. Uliza nani aligusa mwisho." Hiyo ya pili mimi niliisahau siku moja, siku yenye haikupashwa kusahauliwa. Sikieni.

Ilikuwa kisha ya ule mulipuko wa mwisho. Munakumbuka: volcano ilitoka, kisha udongo ukatetemeka siku na siku, kisha wakasema watu watoke mu muji. Tukatoka wote. Kisha tukarudi.

Karibu na Birere kuko Muzee Ramazani. Watu wake ni wa Maniema, Kasongo. Alikuwa fundi wa nguo miaka yote, kanzu na mashati, mutu safi, mutu wa kipimo. Akikaa ku kiti, anakaa katikati kabisa. Mimi njo nilimufungia connexion: antene ku paa, routeur mu chumba ya kulala kwa sababu pale kuko prizi nzuri ya umeme, switch ku korido, kable mpaka ku ordinateri, ile kompyuta ya salon. Kila kichwa na kitenge yake. Kazi safi.

Asubuhi moja muke yake, Mama Zaina, ananipigia simu. "Papa Kable, kuya sasa. Hapana kesho. Sasa."

Nilifika saa ine. Muzee alikuwa amesimama mbele ya ordinateri, amevaa kanzu ya Idi, kofia, na manukato yenye ilinipiga ku mulango.

"Shabani wanataka kumukata muguu," alisema.

Shabani ni mudogo wake, anakaa Kindu. Hasikie hata kidogo, hasemi, toka utoto. Shule hakuenda, kusoma hajui. Lakini na Muzee wanaongea na mikono. Si ile mikono ya kufundishwa. Ni yao wawili, walijitengenezea wakiwa watoto kule Kasongo, na hakuna mutu mwingine mu dunia anaijua vizuri. Hata mutoto wa Shabani, Hadija, anajua ya chakula na ya kulala tu.

Sasa Shabani alikuwa mu hospitali. Sukari ilikuwa imekula muguu wa kushoto. Munganga alisema muguu utoke, ao mutu aende. Na Shabani alikuwa anakataa. Alikuwa anaona watu na visu, anarusha mikono, anapiga watu. Munganga alisema: hatumukate kwa nguvu, ni mutu mukubwa, akubali yeye mwenyewe. Wako tayari saa sita. Kama hakubali, wanachukua mugonjwa mwingine, na ya Shabani inangojea, na kule kungojea haina siku nyingi.

"Na simu?" niliuliza.

Mama Zaina aliniangalia vile munaangaliaka mutu mupumbavu. "Papa Kable, mutu hasikie. Simu ya nini?"

Ilikuwa lazima picha. Internet ya simu ilikuwa inatambaa kama jongoo wakati ule. Sauti ilipita, picha hapana. Hadija alikuwa kule na simu yake, ku hospitali ilikuwa inashika vizuri. Ilibaki upande yetu. Na upande yetu ilikuwa imekufa.

Sasa njo makosa yangu. Niliwaza: udongo umetetemeka, antene imegeuka. Sikuuliza mutu. Nilipanda paa mbio kama kijana. Nikaona antene. Niliifungua, nikaigeuza kidogo, nikaigeuza tena. Jua inanichoma, mabati inanichoma, Mama Zaina chini anauliza: "Imeshika?" Hapana. "Na sasa?" Hapana. Nusu saa ilipita. Na munajua nini? Antene ilikuwa muzima. Haikuwa imesogea hata unene wa ukucha. Mimi njo niliiharibu. Ilibidi niirudishe kule ilikuwa, na kuirudisha ni kazi kuliko kuigeuza.

Nilishuka na shati imelowa. Saa tano. Sasa njo nilikumbuka ile kable ya Muzee Bahati ku mugongo yangu.

"Nani aligusa mwisho?" niliuliza.

"Mimi," Muzee Ramazani alijibu, na kifua mbele. "Tulipotoka, Mama alibeba vyote mu beseni, na masufuria. Tulipofika nikarudisha vyote, mimi mwenyewe, na mikono hii. Kuya uone. Inawaka yote."

Nikaenda ku korido. Switch ilikuwa inawaka yote, kweli. Taa zote, tundu zote, zinapepesa pamoja, haraka, haraka, kama ukumbi wa arusi.

"Na vitenge vyangu viko wapi?"

"Vile vitambaa vichafu?" Mama Zaina alisema. "Vilikuwa vimejaa majivu. Nilivitoa, nikavifua, viko ku kamba inje. Nilikuwa nitakurudishia."

Nilitoka nikaangalia. Kweli, ku kamba: samaki, maua, ndege, vimefuliwa, vimepangwa, vimekauka.

Nilirudi ku switch, nikaanza kufuata kable na kidole, moja moja. Hii inatoka ku routeur, sawa. Hii inaenda ku ordinateri, sawa. Hii inaenda ku chumba ya watoto, sawa. Hii inatoka tundu ya tano, inazunguka nyuma ya kabati, inarudi... ku tundu ya saba. Kable moja. Vichwa viwili. Switch moja.

"Muzee, hii ni nini?"

"Kable."

"Naona ni kable. Inaenda wapi?"

"Haiende fasi yoyote. Ilibaki, na tundu mbili zilibaki. Nikafunga." Aliniangalia na huruma. "Papa Kable, mimi nimeshona miaka yote. Shati haitoki kwangu na tundu wazi. Kila tundu na kifungo chake."

Vijana, mushike hapa. Kable moja haipashwe kuingiza vichwa vyote viwili mu switch moja. Munajua maneno ya hapa Goma, mutu mumoja anasema ku mulango: "Inasemekana volcano inatoka tena"? Jirani anasikia, anaambia jirani, inazunguka avenue, inarudi kwa ule mwenye aliianzisha, na yeye anaisikia upya, anabeba godoro, anakimbia. Njo vile ile kable inafanya. Neno linatoka ku tundu ya tano, linarudi ku ya saba, switch inalidaka kama ni jipya, inalituma tena kwa wote, linarudi tena, linazaa. Taa zote zinapepesa si juu kazi iko nzuri. Zinapepesa juu wote wanakimbia na magodoro. Switch yenye kuwa na akili inajua kujizuia. Hii ya bei ndogo yenye tunanunuaka, hapana.

Niling'oa kichwa kimoja. Taa zilitulia, moja hapa, moja pale, kama watu wenye kuongea. Kazi ya nusu dakika. Nilikuwa nimechoma saa nzima ku paa.

"Tundu inabaki wazi?" Muzee aliuliza.

"Inabaki wazi, Muzee."

"Si vizuri."

"Muzee, nakuomba."

Tulipiga Kindu. Hadija alitokea mu ordinateri, kisha akageuza simu, na njo Shabani ku kitanda: mutu mukubwa, ndevu nyeupe, macho ya Muzee kabisa. Muzee akainua mikono, akaanza. Na picha ikasimama. Mikono ya Muzee ilibaki kule Kindu imesimama hewani, bila maana, na Shabani akakunja uso. Kisha picha ikaruka, vidole vikapotea, mukono ukatokea upande mwingine. Nyinyi munaongea na mudomo. Sauti ikikatika, munakisia. Mutu wa mikono, ukimukatia vidole viwili, umemugeuzia maneno. Shabani alionyesha kitu na hasira.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anauliza kwa nini namuambia ati wanataka kumukata kichwa."

Saa tano na nusu.

Nilienda ku routeur kule ku chumba ya kulala, na simu yangu nikahesabu wenye kukula. Mashini kumi na tisa zilikuwa zinakula pale. Mu nyumba kulikuwa simu tatu.

"Muzee, nani anajua neno lako la siri?"

"Majirani tu. Wamerudi kutoka Sake hawana kitu, niwanyime?"

Nilizima wifi. Nikaacha kable peke yake, ya ordinateri. Haikupita dakika moja, ku mulango kulikuwa mama mumoja na simu mu mukono, kijana mumoja, na mutu mumoja mwenye hata sikumujua.

"Papa, connexion imeenda," alisema ule kijana.

"Itarudi."

"Lini? Nilikuwa katikati ya mupira."

"Petit, ukibaki ku huu mulango mpaka nihesabu tatu, nitakuingiza mu switch."

Walienda, na matusi kidogo. Nilirudi. Picha ilikuwa nzuri dakika moja, kisha ikakufa kabisa. Nikapima. Nikasogeza kable nyuma ya ordinateri: ikashika. Nikaachilia: ikakufa. Niliitoa nikaangalia kichwa. Kile kijino kidogo cha plastiki, chenye kinafunga kable isitoke mu tundu, kilikuwa kimevunjika. Njo vile kinavunjikaka: mutu anakimbia, hapati nafasi ya kukibonyeza, anavuta na nguvu. Kila nyumba Goma iko na kable zenye kuvunjika kijino. Kuweka kichwa kipya ni dakika kumi kama mikono haitetemeke, na koleo yangu ya kubana vichwa ilikuwa Katindo, kwa mutu mwenye aliiazima. Saa sita kasoro robo.

Basi nikalala chini, tumbo ku simenti, mukono nyuma ya ile meza, nikasukuma kable mu tundu na kidole gumba, nikaishika pale.

"Ongea, Muzee. Lakini polepole. Kama mutu amebeba mayai."

"Mikono haina polepole."

"Leo iko nayo."

Akaanza polepole. Mimi nilikuwa naona kidogo tu, kwa pembeni, kanzu yake na mikono. Alionyesha muguu. Alionyesha kitu kama muti wenye kuoza, na panga. Kule Shabani akatikisa kichwa. Muzee akarudilia. Akaonyesha mutoto mudogo, akaonyesha yeye mwenyewe, akaweka mukono ku kichwa kama mutu anajikinga mvua. Sikuelewa kitu. Kidole gumba ilikuwa inaanza kufa. Siafu moja ilikuwa inanipanda ku shingo, na ile siafu ilikuwa kubwa kama mutoto wa panya, musibishe, lakini kama ningejikuna, Shabani angekatwa kichwa tena.

Mama Zaina alikuwa amesimama nyuma, mutandio ku mudomo.

Ilikwenda muda murefu. Mara moja mikono ya Muzee ilisimama, nikafikiri picha imekufa tena. Nikasukuma zaidi.

"Imeshika?" niliuliza.

"Imeshika. Anafikiri."

Kisha Shabani akaonyesha kitu kifupi, na mukono moja tu. Hadija, kule, tulisikia sauti yake inapasuka: "Munganga, kuya." Muzee alikaa ku kiti, si katikati.

"Amekubali," alisema.

Mama Zaina alitoka mbio ku korido, akaenda kulia kule.

"Mushukuru Mungu," nilisema kutoka chini. "Naachilia sasa?"

"Ngoja. Anasema kitu." Muzee aliangalia, akafuta macho na mukono wa kanzu, kisha akaanza kucheka, ile kucheka ya mutu mwenye kuwa na mafua. "Anauliza kiatu."

"Kiatu gani?"

"Cha kushoto. Anasema kila mara atanunua viwili, na kimoja kitabaki bure. Mutu ya Kasongo hawezi kutupa kiatu kipya. Anasema nitafute mutu mwenye alikatwa wa kulia, wanunue pamoja."

Nililala pale na kable mu kidole, nikafikiri kidogo. Ku Katindo, mu kambi ya askari, karibu na pale koleo yangu ilikuwa, kuko caporal mumoja mwenye aliacha muguu wa kulia mu vita. Anauzisha unités, zile vocha za simu, ku kiti ya plastiki, na kila siku analalamika hiyo hiyo: wanamuuzishia viatu viwili.

"Muzee," nilisema, "huyo mutu namujua. Muulize Shabani anavaa pointure gani, namba gani ya kiatu."

Muzee akauliza. Kule Kindu wauguzi walikuwa wamefika na kitanda ya magurudumu, wanamuvuta, na Shabani akawasimamisha na kiganja kama polisi ya barabarani. Kisha akafungua vidole vyake vyote kumi. Akavifunga. Akavifungua. Polepole, mara ine, hakuna hata kidole kimoja kilipotea. Kisha akainua viwili.

"Quarante-deux," Muzee alisema.

"Mwambie aende," nilisema. "Inamuenea caporal pia."